Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, nami sitakaa hapo. Nitazungumzia kazi iliyotushughulisha mwaka mzima: majarida ya watoto ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria.

Tulianza na Chatterbox, lililoanzishwa mwaka 1866 na kasisi J. Erskine Clarke. Liliuzwa nusu peni kwa wiki, ili watoto waachane na hadithi za majambazi zilizozagaa mitaani. Ushuru wa karatasi ulikuwa umefutwa mwaka 1861, na bei za namna hiyo zikawezekana.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni picha. Kwa miaka mingi mchoraji alichora juu ya kibao chenyewe cha mti mgumu, picha ikiwa kinyumenyume kama kwenye kioo. Mchonga nakshi akachimba kila palipotakiwa pawe peupe, mistari ikabaki imeinuka. Kibao kikafungwa pamoja na herufi za kuchapia za madini ya risasi, maneno na picha vikachapwa kwa mpigo mmoja. Mti wenyewe ni mwembamba, hivyo picha kubwa ilitaka vipande kadhaa vilivyoungwa. Katika juzuu zetu mbili, yaani matoleo yaliyojalidiwa pamoja, mstari mweupe wa kiungo unaonekana. Mchoro wa asili ulipotea chini ya ncha ya chombo cha kuchongea. Pembeni twasoma "Dalziel", jina la karakana ya ndugu wa London, lakini wale waliochonga usiku, mtungi wa kioo uliojaa maji ukiwakusanyia mwanga wa taa, wengi wao hawakuandikwa popote.

Ndiyo maana naumia wauzaji wanapochana juzuu na kuuza kurasa kwa fremu. Kamati imeamua tusinunue tena kurasa zilizong'olewa. Baadhi yenu mlipinga, kwa kuwa ni nafuu na zafaa maonyesho, na hoja yenu naiheshimu. Lakini picha za Arthur Hughes katika jarida la Good Words for the Young zilichorwa zikae ubavuni mwa hadithi za George MacDonald. Ukizitenga, mtoto aliyechorwa hajulikani anakwenda wapi.

Niwakumbushe pia Aunt Judy's Magazine la Margaret Gatty: wasomaji wake, watoto wenyewe, walichangia kitanda cha mgonjwa katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Orodha za michango zilichapwa humo humo jaridani, na mchanaji wa picha huzitupa kwanza.

Mwaka ujao tutasoma The Girl's Own Paper, lililoanza 1880. Mwenye juzuu nyumbani, hata iliyolegea jalada, aje nayo kwa katibu. Gundi ya wanga tunayo.