Barua kwa mwanangu: siku ya kumrudisha

Mwanangu,

Barua yako ya kwamba mmeomba kuwa walezi wa kambo imenifikia pamoja na kijitabu cha maelezo, na afisa wa ustawi wa jamii naye amenipigia simu kuomba siku ya mazungumzo. Nilidhani wadhamini uliowaandika, ambao umesema hawapaswi kuwa ndugu zako, wangetosha. Kumbe anayetathmini familia hutaka pia kumsikia aliyekulea wewe. Nimempa Alhamisi. Kabla ya siku hiyo nataka tuelewane juu ya jambo moja, nalo ni siku ya kumrudisha kwao huyo mtoto mtakayeletewa.

Katika kurasa nne ulizoniandikia umeeleza namna atakavyokuja, lakini sikuona hata mstari mmoja wa namna atakavyoondoka. Umeandika juu ya chumba, juu ya rangi ya ukuta, juu ya mafunzo mnayohudhuria wewe na mume wako. Mimi nimekisoma kijitabu mara mbili, nacho kinasema wazi kwamba malezi ya kambo si kuasili: anayeasili huwa mzazi kisheria, ilhali mlezi wa kambo hukabidhiwa mtoto amtunze kwa muda, uwe wa usiku mmoja wa dharura au wa miaka, na mamlaka juu ya mtoto hubaki kwa wazazi waliomzaa au kwa ofisi inayomsimamia. Lengo la kwanza, pale inapowezekana, ni mtoto arudi kwao. Maana yake ni kwamba mkifanya kazi vizuri mtanyang'anywa. Neno hilo ni kali, lakini sikupata jingine.

Usidhani napinga. Baba yako nilimsomea habari za ule utafiti wa Bucharest, Romania, uliouandika, wa watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo, ambao nusu yao walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kwenye familia za kambo, na waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili hivi wakaendelea vizuri kuliko waliochelewa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ile nusu nyingine ilifanywaje. Nami nimelala na swali hilo. Nimeelewa pia kwa nini miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe ndani ya familia na si katika vituo, na kwa nini inataka ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito. Kwa hiyo wakikuuliza kama mtaweza kupokea wawili walio ndugu, usikimbilie kukataa kwa sababu ya kitanda kimoja. Vitanda hupatikana.

Unalalamika kwamba maswali yao ni ya kuchokonoa. Cheti cha polisi, ripoti ya daktari na hesabu ya mapato yenu umevitoa bila manung'uniko, ila ulipoulizwa namna ulivyoadhibiwa utotoni, na namna wewe na mume wako mnavyogombana na kupatana, ukasema hayo hayawahusu. Wewe tangu zamani hupendi kuulizwa, na hilo hukulirithi mbali. Lakini fikiri: mtoto atakayeletwa kwenu huenda amepigwa, au ameachwa bila chakula, na siku ya kwanza atakapoficha mkate chini ya mto au kuvunja kitu kwa makusudi ili aone kama mtamfukuza, atakachokigusa ndani yako ni kile kile ulichokataa kukieleza. Afisa hatafuti mtu asiye na doa. Anatafuta mtu anayelijua doa lake.

Kuhusu viboko, waambie. Umesema mmekwisha kutia saini kwamba hamtampiga mtoto kwa sababu yoyote ile, nami nimeisoma sentensi hiyo zaidi ya mara moja nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile. Usinifunike kwa heshima. Alhamisi nitakuwa nimemwambia mwenyewe.

Na akiniuliza kama nyumba yetu iliwahi kumpokea mtoto wa watu, nitamjibu ndiyo. Habari za yule mtoto sitazisimulia hapa, maana zote unazo, isipokuwa ile siku ya mwisho, ambayo hukuwepo kwa sababu saa ya kuondoka kwake niliichagua mimi, nikaipanga iwe saa ya shule. Wakati ule niliona kwamba asiyeaga haumii. Hakukuwa na afisa wa kuniuliza wala kijitabu, ila sidhani kama kijitabu kingenizuia.

Ndiyo maana narudia. Muulize afisa, tena kabla hamjafika mbele ya kamati ya uidhinishaji, kurudi kwa mtoto hupangwaje: nani humwambia, kwa maneno gani, na siku ngapi kabla. Uliza kama atakwenda kwao kwanza kwa saa chache, kisha kwa usiku mmoja, ndipo arudi moja kwa moja. Uliza kama mtaruhusiwa kumpigia simu baadaye. Kuanzia wiki ya kwanza, mbali na ile kumbukumbu ya kila siku mtakayotakiwa kuiandika kwa ajili ya ofisi, mwekee daftari lake la picha na habari zake, la kuondoka nalo, kwa kuwa mtoto aliyehamishwa mara nyingi hukosa mtu wa kumwambia alianza kutembea lini. Picha hizo zisiende kwenye mtandao. Najua mnafahamu, ila mume wako ana mkono mwepesi.

Mama yake atakapokuja kumwona, kwa maana ziara hizo zitakuwepo, usimpokee kama mshtakiwa. Mtoto atakuwa anawatazama ninyi wawili. Huenda usiku ule akakojoa kitandani au akagoma kula, nawe utashawishika kusema ziara zinamdhuru. Liandike ulilolishuhudia, ulipeleke kwa afisa, lakini usilifanye silaha.

Na mjukuu wangu je? Umeandika kwamba afisa amezungumza naye peke yake na kwamba alijibu vizuri. Alijibu vizuri kuhusu kuja kwa mgeni, nadhani. Kuna aliyemweleza kwamba huyo anayemwita mdogo wake ataondoka? Mtoto wa nyumba naye huachwa, mwanangu. Wewe hukula siku mbili, nami nikaita homa.

Baba yako anasema nimezidi, na kwamba sijakuambia kuwa tunajivunia. Tunajivunia. Amewaambia watu wawili tayari, nami nimemkataza asiendelee, kwa kuwa habari za mtoto atakayeletwa si zetu kuzitangaza.

Sasa mambo ya nyumba. Kabati la dawa lipate kufuli kabla ya ukaguzi unaofuata, na lile dirisha la chumba cha nyuma, ambalo nimelisema tangu mlipohamia, lipate komeo. Baba yako atakuja kulifunga mwenyewe mkiendelea kumngoja fundi. Shuka nimeshona jozi tatu pamoja na kifuniko cha godoro cha plastiki, kwa sababu niliyoitaja hapo juu.

Nimeshusha pia lile sanduku la bluu. Zipu ilikuwa inakwama, nimeipaka mshumaa na sasa inakwenda. Nimesikia kwamba watoto wengi huhamishwa na nguo zao zikiwa ndani ya mifuko ya takataka, na wa kwetu, awaye yote, hataondoka hivyo. Nitalileta nikija. Lakini usiliweke chumbani kwake, akiliona atadhani safari ni leo. Lihifadhi kwenye kabati lako mpaka mtakapokuwa mmekwisha kumwambia, kisha mlipange pamoja naye, mjukuu wangu akiwepo, na isiwe saa ya shule.

Nijibu kabla ya Alhamisi.

Mama yako