Baba, huku nako kuna mafundi wa kutega

Melbourne, Januari

Kwa Baba na Mama, Pangani.

Shikamooni. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu.

Mama ameuliza mbona simu ilikuwa haipatikani. Nilikuwa safarini, na njiani kuna mapori ambako mtandao haufiki kabisa. Halafu kuna hizi saa. Sasa hivi ninapokula chakula cha mchana, huko kwenu ni saa kumi alfajiri, Baba ndiyo kwanza anatafuta ndala zake aende ufukweni.

Huku Januari ni kiangazi, jua linazama karibu na saa tatu usiku, na watu wengi wako likizo. Nasi tukakodi gari, tukaingia mimi, yule dada wa Malindi ninayekaa naye, na mke na mume kutoka Bukavu. Kiswahili ndani ya gari kilikuwa cha kila namna. Tulifuata pwani ya kusini kuelekea magharibi mpaka Adelaide. Kaka wa Bukavu ndiye aliyeshika usukani sehemu kubwa, na ilibidi dada wa Malindi amkumbushe kila kwenye makutano kwamba huku watu wanapita kushoto kama kwetu, si kulia kama Kongo.

Barabara yenyewe inaitwa Great Ocean Road, kilomita 243, imechongwa ubavuni mwa milima na bahari iko chini yako. Waliichimba wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1919 na 1932, wakaiacha iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Bahari ni ya kupendeza kuitazama tu. Maji ni ya baridi hata jua likiwa kali, na watu wanaogelea wamevaa nguo za mpira mwili mzima. Ukivuka ng'ambo kwenda kusini kabisa, utakutana na barafu.

Kila mtu huja kuona nguzo za mawe ya chokaa zilizosimama baharini, wanazoziita Mitume Kumi na Wawili. Hazikuwahi kufika kumi na mbili, na moja iliporomoka 2005 ikabaki kifusi. Ni nzuri, sikatai. Lakini watu wanasongamana wakipiga picha, juu helikopta za watalii zinanguruma, na mimi baada ya robo saa nilikuwa nimeshatosheka. Jirani na hapo ndipo pana kisa. Mwaka 1878 meli ya Loch Ard, iliyokuwa ikitoka Uingereza kuja Melbourne, iligonga mwamba ikiwa imebakiza kidogo kufika. Kati ya watu 54 walipona wawili tu, kijana baharia Tom Pearce na binti Eva Carmichael. Kijana alitupwa na mawimbi ndani ya ghuba nyembamba, akasikia sauti ya yule binti majini, akarudi kuogelea kumtoa. Mama, najua unachotaka kuuliza. Magazeti ya wakati ule nayo yalitaka sana waoane. Hawakuoana. Binti alikuwa amefiwa na wazazi na ndugu zake waliokuwa humo melini, akarudi kwao Ireland.

Sasa Baba, yote hayo nimeyaandika ili nifike hapa.

Tulipofika mbele ya mji wa Port Fairy tuliiacha pwani, tukaingia bara kidogo, sehemu iitwayo Budj Bim. Ni mlima wa moto uliolala. Ulipolipuka zamani za kale, uji wa moto ulitiririka kuelekea baharini ukaganda, ukaacha mawe meusi, mabwawa na vinamasi. Wenyeji wa pale ni Wagunditjmara. Waliyatazama maji yanavyokwenda, wakachimba mifereji katika yale mawe, wakajenga kuta fupi, wakaziba hapa wakaacha pengo pale, ili mikunga wa maji baridi, wale samaki warefu kama nyoka, waelekee wanakotaka wao. Kwenye pengo waliweka kikapu kirefu cha majani ya kusuka, mdomo mpana, mkia mwembamba. Mikunga wengine waliwahifadhi mabwawani mpaka wanenepe.

Mitego hiyo ina umri wa angalau miaka 6,600. Baba, mawe yenyewe yapo, unayashika kwa mkono. UNESCO waliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2019. Wazungu walipokuja waliyakausha maji ya ziwa la pale wapate malisho ya ng'ombe. Mwaka 2007 mahakama ilitambua haki ya Wagunditjmara juu ya ardhi yao, na 2010 wakajenga kizuizi, ziwa likajaa tena.

Aliyetutembeza ni kijana wao mwenyewe. Nilipomwambia baba yangu anasuka madema, mitego ya samaki ya mianzi, aliacha kabisa hotuba yake ya watalii, tukakaa juu ya mawe. Akaniuliza mnajuaje siku ya kutega. Nikamweleza habari za mwezi, bamvua maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu yanapojaa na kupwa kidogo tu. Akasema wao wanangoja mvua za mwisho wa kiangazi, maana hapo mkunga aliyekomaa anashuka mto aende baharini. Huogelea mpaka Bahari ya Matumbawe, kaskazini-mashariki mwa Australia, anataga huko na kufa, na watoto huletwa na mkondo wa maji. Kisha akaniuliza mdomo wa dema unaangalia wapi na kwa nini. Hapo nikababaika.

Mkunga wao wa moshi nimemla. Ana mafuta mengi. Dada wa Malindi alikataa hata kunusa.

Mbele yetu ulikuwa mpaka wa jimbo la Australia Kusini, ambako huruhusiwi kuingiza matunda, wanaogopa nzi wa matunda. Basi tulisimama kando ya barabara tukala machungwa na maembe yote mpaka la mwisho. Ng'ambo tulipita Mount Gambier, penye ziwa ndani ya kreta ambalo wakati wa baridi ni la kijivu na ikifika Desemba linageuka buluu kali, na mji mzima unakunywa maji yake. Adelaide tuliwahi Ijumaa, mimi na dada wa Malindi tukasali kwenye msikiti uliojengwa 1888 na 1889 na wachunga ngamia walioletwa kutoka Afghanistan na India kusafirisha mizigo jangwani. Una minara minne. Mwambieni Bibi nimemwombea humo.

Kaka akija wikiendi, ashike simu amrekodi Baba anavyosuka dema tangu mwanzo, na Baba aseme kwa kinywa chake habari ya mdomo. Nitamtafsiria yule kijana na kumtumia, nilimuahidi. Dema lenyewe msitume hata likiwa dogo, forodha ya huku ni wakali kwa kila kitu cha mmea.

Nisalimieni wote wa hapo nyumbani, na wa Bweni pia. Hela ya dawa ya Bibi nimeituma jana kwa simu ya Mama.

Mwanenu