Mwanangu, kumi sina

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Uliniambia kwenye simu nikutumie filamu kumi bora za 2024, tena kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya kumi. Kumi sina. Ninazo nne, na moja ya kulalamikia. Najua pia utakachosema, maana umeshakisema mara nyingi: "Baba, wewe unapenda picha ambazo watu wananyamaza tu." Ni kweli. Ila safari hii nataka nijitetee.

Nianze na ya paka, kwa kuwa uliikataa kwa kuona bango tu, ukasema ni katuni ya watoto. Flow imetoka Latvia na mwongozaji wake ni Gints Zilbalodis, ambaye kabla ya hii alishatengeneza filamu nzima peke yake. Hakuna neno hata moja linalosemwa humo, mwanzo hadi mwisho. Maji yanaimeza dunia, paka anajikuta kwenye mashua pamoja na kapibara (mnyama mnene wa jamii ya panya), mbwa, lemuri na ndege karani. Basi. Hakuna mnyama anayepiga porojo wala kuimba. Paka ni paka: anasita, analaza masikio, anaangalia maji kama mtu anayeangalia deni. Lemuri yeye amepanda na kikapu cha vikorokoro asivyotaka kuachana navyo, nami nikamgeukia mama yako, akajifanya hajaona.

Sauti zao ni za wanyama wa kweli. Kapibara tu ndiye aliyewasumbua: sauti yake halisi ni nyembamba mno, haikukaa kwenye lile umbo zito, wakamwazimia ya mtoto wa ngamia. Nilipolijua hilo nilirudia filamu nzima ili nimsikilize yeye. Na yote imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo hata wewe unaweza kuipakua bure usiku huu. Ikaenda ikachukua Oscar ya katuni mbele ya studio kubwa kubwa, Oscar ya kwanza kwa Latvia.

Ya pili ni All We Imagine as Light ya Payal Kapadia. India ilikuwa haijaingiza filamu kwenye mashindano makuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwa miaka 30. Hii iliingia, ikaondoka na Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa. Prabha ni muuguzi Mumbai. Mumewe alikwenda Ujerumani muda mfupi baada ya ndoa, simu zikapungua, kisha zikakatika. Siku moja kinafika kifurushi. Ndani mna sufuria ya umeme ya kupikia wali, nyekundu, mpya kabisa, imetengenezwa Ujerumani. Hakuna barua. Hakuna jina la aliyeituma. Usiku, Prabha anaivuta kutoka ilipowekwa, anakaa nayo sakafuni na kuikumbatia, miguu na mikono, kama mtu aliyekuwa safarini amerudi.

Hasemi kitu. Mwongozaji mwingine angemletea rafiki wa kumuuliza kama bado anampenda mumewe, naye ajibu kwa dakika tano. Kapadia amekuachia wewe na ile sufuria. Ndiyo maana nakuomba usiikimbize kama unavyokimbiza kila kitu siku hizi. Ukiikimbiza, utaona mwanamke na chombo cha jikoni tu.

Ya tatu tuliitazama na mama yako, I'm Still Here ya Walter Salles. Enzi zetu tulijua steringi hafi. Hapa baba wa nyumba, mchangamfu, kila mtu ameshampenda, anachukuliwa mapema kabisa. Ni kisa cha kweli: Rubens Paiva, mbunge wa zamani, alitolewa nyumbani kwake Rio de Janeiro, Brazil, Januari 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, asirudi tena. Mkewe Eunice naye alishikiliwa siku 12. Filamu inabaki naye. Wanakuja watu wa gazeti kuipiga familia picha, na wanataka nyuso za majonzi. Eunice anawaambia watoto watabasamu. Wanatabasamu, meno yote nje. Mama yako alisema, "Huyo sasa ndiye mwanamke," kisha hakusema tena mpaka mwisho.

Cheti cha kifo cha mumewe Eunice alikipata 1996, hesabu mwenyewe miaka. Anayemwigiza ni Fernanda Torres, na akishazeeka anaigizwa na Fernanda Montenegro, mama mzazi wa Torres. Montenegro yumo dakika chache, hafungui mdomo, na bado ndiye niliyelala nikimfikiria.

Ya nne, Dahomey ya Mati Diop, itakufaa wewe usiye na subira, ina dakika 68. Inafuata vitu 26 vya kifalme vilivyoporwa na majeshi ya Ufaransa, vikirudishwa Benin 2021. Wakati wa kupakia, kamera imo ndani ya sanduku: kifuniko kinashuka, giza, unasikia tu misumari ya kukaza. Halafu sanamu inaongea kwa Kifon, lugha ya huko Benin, inalalamika kwamba imepewa namba badala ya jina. Kisha wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana kweli kweli, wengine wakisema 26 kati ya maelfu ni dharau. Hapo hakuna aliyenyamaza, kwa hiyo usiseme sikukufikiria. Ilipewa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin.

Ya kulalamikia ni The Brutalist. Saa 3 na dakika 35, na humo mmewekwa mapumziko ya dakika 15. Kabla ya mapumziko nilikaa wima. Baada ya mapumziko nilianza kuangalia saa, maana kila kilichokuwa kimefichwa vizuri kilitolewa nje na kuelezwa. Adrien Brody, mwigizaji mkuu, simdai kitu, Oscar yake ni halali. Nahisi wewe utaipenda, na tutagombana.

Basi anza na paka. Majina yakianza kupanda usizime, najua tabia yako. Kaa mpaka yaishe yote, kuna kitu kinatokea baharini pale mwisho kabisa. Mama yako anashikilia ni yule yule tuliyemwona kabla, mimi nasema ni mwingine, na hili tumelibishania wiki nzima. Ukishaona, piga simu. Upige kwangu, usianze kwake.

Baba yako