Hata Yohana aliuliza

Rafiki yangu mpendwa,

Pole tena kwa msiba. Najua neno hilo umeshalisikia mpaka limekuchosha, lakini mdogo wako nilimfahamu tangu akivaa kaptula ya shule, kwa hiyo na mimi najipa pole humo humo.

Barua yako nimeirudia mara kadhaa. Unasema siku hizi mtu akikusalimia "Bwana asifiwe", ile "Amina" inakukwama kooni. Unasimama na alto wenzako wa kwaya Jumapili, mdomo unafunguka, sauti inatoka, ila moyoni kumekauka, na sasa unataka kuacha kwaya. Kisha umeandika kwamba huenda hukuwahi kuamini, ulikuwa umezoea tu. Hilo limeniuma, maana naona umeshajihukumu kabla hujasikilizwa.

Nianze na lile la mkesha. Yule aliyekwambia kwamba mgonjwa asingekufa kama familia ingekuwa na imani ya kutosha amekosea, tena amekosea vibaya. Mlifunga. Mlichangishana fedha za kusafisha damu wiki baada ya wiki. Mama alipiga magoti mpaka yakavimba. Kama hiyo si imani, sijui tutafute imani wapi. Nasema kwa ukali kwa sababu naona shaka yako nyingi haikuletwa na kifo chenyewe, imeletwa na maneno yale. Umepewa Mungu anayepima imani ya watu wodini kama mwenye duka anavyopima sukari, ikipungua kidogo tu anamwacha mtoto wa watu afe. Mungu huyo mkatae. Hata mimi namkataa. Huyo siye Baba aliyehubiriwa na Yesu.

Sasa chukua Biblia yako, hata kama huna hamu nayo, ufungue Luka 7, halafu ulinganishe na Mathayo 11. Tukizungumzia shaka, wengi wetu hukimbilia kwa Tomaso, yule mwanafunzi aliyekataa kuamini kwamba Yesu amefufuka mpaka amwone. Mimi nataka twende gerezani kwa Yohana Mbatizaji. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema mtawala Herode Antipa alimfungia katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, nchi ambayo leo ni Yordani. Na Yohana si mtu wa pembeni. Ndiye aliyemwona Yesu akija akasema mbele za watu, "Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu." Huyo huyo, akiwa kifungoni, anawatuma wanafunzi wake wawili wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Angalia jibu alilopewa. Yesu anawaambia warudi wakamweleze waliyoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Mengi ya hayo ni ahadi za nabii Isaya. Lakini rudi nyuma kidogo, Luka 4. Kule Nazareti, Yesu aliposoma Isaya katika sinagogi, alisoma pia kwamba wafungwa watafunguliwa. Katika jibu hili, linalopelekwa kwa mtu aliye gerezani, wafungwa hawatajwi. Kila nikifika hapo nashindwa kuendelea haraka. Naamini Yohana, aliyelelewa katika nyumba ya kuhani na kuyajua maandiko, alisikia kilichoachwa. Mlango wake haukufunguliwa. Alikatwa kichwa kwa sababu ya karamu na kiapo cha mtawala aliyeona haya mbele ya wageni wake.

Je, imani yake ilikuwa haba? Sikia alichosema Yesu mara tu wale wajumbe walipoondoka. Aliugeukia umati akasema kwamba katika wote waliozaliwa na wanawake hakuna aliye mkuu kuliko Yohana. Sifa hiyo hakupewa siku ya mtoni, alipokuwa na uhakika wote. Amepewa siku aliyouliza.

Sikupi sababu ya kifo cha mdogo wako. Yohana naye hakupewa sababu ya kubaki kifungoni. Ninachokutaka uone ni mahali alipolipeleka swali lake: hakulimeza, wala hakuishia kulizungusha kwa wafungwa wenzake. Alilituma kwa mwenyewe. Fanya hivyo hivyo. Mwambie Mungu yale yale uliyoniandikia mimi, bila kuyapaka asali. Ukikosa maneno, Zaburi ya 88 ipo. Zaburi nyingi za kilio huanza na machozi na kuishia kwenye sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani. Na kichwa chake kinasema ni ya wana wa Kora, ambao walikuwa waimbaji. Wanakwaya wenzio hao.

Mimi mwaka aliofariki mama yangu kuomba kulinishinda kabisa. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akija jioni, anakaa kwenye kigoda jikoni huku mimi nachambua mchele, anasoma zaburi moja kwa sauti, anafunga Biblia, kisha tunazungumza habari za mahindi na ada za watoto. Hakuniuliza hata siku moja kama nimeanza kuamini tena. Aliniombea mimi nisipoweza, basi. Siwezi kukwambia ni lini hasa nilianza kuitikia mwenyewe, ilikuja taratibu. Lakini najua nisingefika huko peke yangu.

Ndiyo maana hilo la kuacha kwaya silikubali. Mwambie mwalimu wa kwaya unapumzika kuimba, ataelewa, ila Jumapili ukae na wenzako pale pale. Tomaso, pamoja na ugumu wake wote, siku nane baadaye alikuwa bado yumo ndani pamoja na wale wengine, na wao hawakuwa wamemfukuza. Angekuwa kwake siku hiyo, angeyakosa yote. Na akikutokea mtu wa kukwambia watu wa Mungu hawapiti huko, mkumbushe Mama Teresa wa Calcutta, yule mtawa Mkatoliki. Alifariki 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu walishangaa kuona amekaa karibu miaka 50 akihisi giza moyoni, na kazi ya maskini hakuiacha. Sisi ni Walutheri, najua, lakini katika hili tuna mengi ya kujifunza kwake.

Swali lako la ufufuo, kama kweli ulitokea, naomba tulitenge na huzuni. Hilo ni swali la akili na linastahili kusomwa kwa utulivu. Anza na 1 Wakorintho 15. Paulo anaandika miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba, anataja watu zaidi ya 500 waliomwona Yesu kwa pamoja, na anasema wengi wao bado wako hai. Mtu anayetunga hadithi hawaonyeshi wasikilizaji wake mashahidi wanaoweza kuulizwa. Mengine tutayazungumza ana kwa ana.

Halafu, unalala? Shemeji ameniambia unakunywa uji tu, tena kwa kulazimishwa. Nabii Eliya alipokaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale tena. Kula kwanza, rafiki yangu. Usiamue jambo lolote kubwa kuhusu Mungu saa nane ya usiku ukiwa na njaa.

Shule zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije nikae nawe siku kadhaa. Mwambie shemeji asihangaike na maandalizi. Nikiwa hapo hutalazimika kuomba. Nitaomba mimi, wewe ukipenda nyamaza. Mama msalimie sana, na magoti yake yaangaliwe hospitali. Kabla sijaja nijibu, hata mistari miwili, uniambie ni lipi kati ya haya bado linakukera.

Ni mimi, rafiki yako wa tangu chuo