Malalamiko Kuhusu Kifaa cha Kusomea Vitabu Kinachomfunga Mteja kwenye Duka Moja

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: KIFAA CHENU CHA KUSOMEA VITABU VYA KIELEKTRONIKI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na nilichagua kifaa chenu kwa sababu kilikuwa nafuu kuliko vingine vyote vilivyokuwapo dukani. Kuuza kifaa kwa bei ya chini ili faida ipatikane baadaye kwenye vitabu si jambo geni. Mwaka 2012 Jeff Bezos, mkuu wa kampuni ya Amazon wakati huo, alisema hadharani kwamba vifaa vyao vya kusomea vitabu, Kindle, vinauzwa kwa takribani gharama ya kuvitengeneza. Ninacholalamikia ni kwamba sharti linaloambatana na unafuu huo, yaani kufungwa kwenye duka lenu pekee, halikuandikwa kwenye boksi, wala muuzaji hakulitaja.

Vitabu vya Kiswahili ninavyovihitaji darasani ni vichache mno kwenye duka lenu la mtandaoni, kwa hiyo nilinunua kimoja kwa mchapishaji mwingine, kwa fedha halali, katika muundo wa EPUB unaosomwa na vifaa vya kampuni nyingi. Kifaa chenu kiliandika tu kwamba faili halitambuliki. Vile nilivyonunua kwenu navyo vimepigwa kufuli la kidijitali, havifunguki penginepo. Maana yake, kila kitabu ninachonunua kwenu kinanizidishia ugumu wa kuhama, na siku mkipandisha bei sitakuwa na pa kukimbilia. Tena mnapokea dola kwa kadi ya benki pekee, ilhali huku karibu kila kitu tunakilipia kwa simu.

Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu viliondolewa kwenye akaunti za wateja. Walirudishiwa fedha, lakini vitabu hawakubaki navyo. Masharti yenu hayaahidi hata hizo fedha.

Naomba mkiwezeshe kifaa kusoma EPUB, na mniruhusu kuhifadhi nje ya duka lenu nakala za vitabu nilivyokwisha kulipia. Ikishindikana, nirudishieni fedha za kifaa pamoja na za vitabu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kwa maoni yangu kuficha sharti zito kiasi hiki wakati wa mauzo ni kumpotosha. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, Moshi