Kabla Hujasema Buti Zetu Zimekutoa Malengelenge

Lalamiko la wanaonunua kwetu buti za kupandia mlima ni lile lile: “Mmeniuzia buti mbovu, tazameni visigino vyangu!” Juzi mteja amezirudisha akisema tumemwibia. Buti zenyewe hazikuwa na kasoro hata ya mshono. Tulimpima, akang’ang’ania namba moja zaidi “ili zisinibane”, kisha akajazia nafasi kwa soksi mbili za pamba.

Lengelenge haliletwi na kubana tu. Buti ikipwaya, kisigino hupanda na kushuka kila hatua: mfupa unakwenda, ngozi ya juu imenata kwenye soksi, matabaka ya ngozi yanaachana na maji yanajaa katikati. Pamba inazidisha balaa kwa kuwa inashika jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Vaa soksi za sufu.

Ndiyo maana tunapenda kukupima jioni, miguu ikiwa imetanuka, ukiwa na soksi za safari, tena tunakuteremsha kwenye ubao ulioinama. Vidole vikigonga mbele, hatukuuzii. Kisigino kikinyanyuka, tunafunga kamba upya kwenye matundu ya juu kabla ya kugusa namba nyingine. Kazi hiyo inakula muda, na imo kwenye bei. Anayetuita ghali anatulinganisha na muuzaji anayekukabidhi boksi na kukuaga.

Mteja mwingine tuliyemwongoza mlimani alihisi kisigino kinawaka tangu asubuhi, akaona haya kuwasimamisha wenzake. Kukausha mguu na kubandika plasta bila mkunjo ni dakika 5. Kufika mchana ngozi imebanduka, akashuka na ndala, safari aliyoilipia ikaishia njiani.

Lengelenge likishatokea na halikusumbui, liache. Likikuzuia kutembea, nawa mikono, lisafishe, toboa pembeni kwa sindano iliyopanguswa spiriti, kamua taratibu, paka mafuta ya mgando, funga. Ngozi ya juu usiimenye, tafadhali! Ndiyo inayokinga kidonda. Mwenye kisukari asijitoboe, amwone daktari. Hali kadhalika ukiona usaha au uvimbe wenye joto unaoenea.

Buti mpya zivae kwanza ndani ya nyumba. Zikikusumbua zikiwa bado safi, tunakubadilishia bila maneno, kisha uzizoeshe kwa matembezi mafupi. Zilizokwisha kupanda mlima haturudishi pesa.