Barua kwa Rukia kuhusu sindano na kumbukumbu

Buruburu, Nairobi
8 Februari 2026

Kwako rafiki yangu Rukia,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisauni, wewe na wanao. Sisi huku hatujambo, ingawa mama ana mafua tangu juma lililopita na hataki kusikia habari ya kuvaa soksi. Barua yako niliipata Jumatano, nami nikachelewa kuijibu kwa kuwa swali lako halistahili jibu la haraka. Umeniuliza kama ile sindano ya kupunguza uzito anayokusifia mama wa saluni huulinda kweli ubongo, na kama si afadhali uianze mapema, kwa vile una kisukari na marehemu baba yako alimaliza siku zake bila kuwatambua watoto wake.

Hofu yako ina msingi, dada yangu. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu, na ubongo umejaa mishipa hiyo. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilikiweka kisukari na unene wa kupindukia katika orodha ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, mambo ambayo mtu anaweza kuyashughulikia, pamoja na shinikizo la damu, sigara, hata masikio yasiyosikia vizuri yakiachwa bila matibabu. Basi si ajabu watu wakidhani kwamba dawa inayopunguza sukari na unene kwa pamoja haina budi kuuokoa ubongo pia.

Dawa yenyewe ni semaglutaidi, ambayo madukani huuzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Inaiga homoni ya GLP-1, ambayo utumbo huitoa tunapokula ili kongosho litoe insulini, chakula kikawie tumboni, na ubongo upate habari kwamba tumeshiba. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyopatikana katika mate ya mjusi mwenye sumu wa huko jangwani. Nilipomsomea mama habari hiyo alisema yeye hadungwi mate ya mjusi, hata wamwombe kwa magoti.

Matumaini ya ubongo yalianzia kwenye rekodi za wagonjwa. Watafiti walipozipitia waliona kwamba wenye kisukari waliotumia dawa hizi walipatwa na ugonjwa wa kusahau mara chache zaidi kuliko waliotumia dawa nyingine. Mimi rekodi za namna hiyo huzipokea kwa tahadhari, kwa sababu anayepewa dawa mpya ya bei ghali mara nyingi ndiye mwenye bima, mwenye daktari wake na mwenye samaki mezani, na huwezi kujua kwa urahisi kilichomsaidia ni kipi. Uingereza walijaribu dawa ndugu yake, liraglutaidi, kwa watu wapatao 200 wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau, ulioanza. Lengo kuu la jaribio halikufikiwa, ila ubongo wa waliopewa dawa ulionekana kusinyaa polepole zaidi. Kisha yakaja majaribio mawili makubwa ya semaglutaidi ya vidonge, yenye watu 3,808 wa umri wa miaka 55 hadi 85 waliokuwa katika hatua za mwanzo za ugonjwa huo. Wengine walipewa dawa na wengine vidonge visivyo na kitu, kwa miaka miwili. Novemba 2025 kampuni ya Novo Nordisk inayoitengeneza ikatangaza matokeo: baadhi ya vipimo vya maabara viliboreka, lakini ugonjwa haukupungua kasi.

Utaniambia kwamba wale walikuwa wameshaugua, na wewe unataka kinga. Ni kweli, na swali la kinga bado halijafungwa. Lakini swali lililo wazi si sababu ya kutoa akiba ya chama kununua dawa saluni, hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kutoa onyo mwaka 2024 kuhusu Ozempic bandia. Daktari wako akikuandikia kwa ajili ya sukari na uzito, itumie bila wasiwasi, mradi ule protini ya kutosha na utembee, maana uzito unaposhuka katika umri wetu misuli nayo huondoka.

Lililonifanya nikuandikie kwa urefu hivi ni jambo jingine. Unajua nilikuwa muuguzi kwa miaka 31. Mwaka jana mama alianza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki, akatia chumvi kwenye chai, akaacha meko yanawaka, nami nikasema ni uzee tu. Alfajiri moja ya Agosti nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akijaribu kuingiza mkono katika shingo ya sweta, gauni limelowa jasho mgongoni, macho yananitazama kama mtu anayemtazama abiria wa basi lipitalo. Nilimtoboa kidole, mashine ya kupima sukari ikaonyesha 2.4, na chini ya 4 tayari ni hatari. Nilimnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, nusu yakimwagika kidevuni. Baada ya robo saa hivi akaniuliza ninalia nini, na kama mwenye maziwa ameshapita. Usiku ule alikuwa amemeza kidonge chake cha kisukari, glibenklamaidi, kama kawaida, na chakula chake kilikuwa matonge mawili ya ugali.

Kidonge hicho huisukuma sukari chini iwe umekula au hukula, na kwa mzee ambaye figo zimechoka hukaa mwilini muda mrefu. Ubongo nao hutegemea sukari saa zote. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa wazee zaidi ya 16,000 wenye kisukari huko California, ukaonyesha kwamba waliowahi kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka walipatwa na ugonjwa wa kusahau zaidi ya wenzao. Daktari alimwondolea mama kidonge kile, akaridhika sukari yake iwe juu kidogo kuliko yangu. Bado husahau majina ya vitukuu, lakini chumvi imerudi kwenye ugali. Daktari alimpima vitamini B12 pia, kwani metfomini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi huipunguza, na upungufu wake nao huleta usahaulifu.

Sasa tazama ulipo wewe. Sindano ile peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini huua hamu ya kula, na mtu asiye na hamu ya kula akiendelea na kidonge kama kile cha mama, ama na insulini, anaweza kuamka kama alivyoamka yeye. Barua yako inataja metfomini na “kile kidogo cheupe cha asubuhi”. Tafadhali nenda kabatini, usome kilichoandikwa kwenye pakiti ya hicho cheupe, uniandikie jina lake herufi kwa herufi pamoja na miligramu zake, na kwa mama wa saluni usipite kabla sijakujibu.

Mama anakusalimu, na anauliza kama achari ya maembe bado unaitengeneza.

Rafikiyo,
Esta